Vigari Vilivyozaliwa na Barabara
Historia ya magari ya mfano Mikindani na bara ya Mombasa

Mikindani ni mtaa wa barabara. Ukitoka kisiwani Mombasa, ukavuka Makupa na kupanda Changamwe, hufiki mbali kabla hujakutana nao, na kelele za malori hazikuachi tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Kwa muda wa karibu miaka 100, sehemu kubwa ya mizigo iliyosafiri kwa barabara kutoka bandari ya Kilindini kwenda Nairobi, Kampala, Kigali au Goma imepita mbele ya maduka na misikiti ya hapa. Watoto wa mtaa huu wamekua wakihesabu magurudumu, wakibishana juu ya honi, wakijua aina ya lori kwa mlio wake kabla halijaonekana kwenye kona.

Basi haishangazi kwamba wamekuwa wakiyajenga. Wameyajenga kwa waya, kwa mkebe, kwa pakiti ya maziwa, kwa mpira wa champali, na siku hizi kwa kadibodi na taa za betri. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba ujenzi huo una historia yake. Kila mara kilichopita barabarani kilipobadilika, kigari cha mfano nacho kilibadilika, na malighafi yake ilitoka pale pale: bandarini, gerejini, kiwandani. Wanahistoria wa Mombasa wametuandikia habari za ngome, masultani na reli. Vigari hivi havijapata mwandishi, nami naona ni hasara.

Chombo kilitangulia gari (kabla ya 1926)

Kabla ya gari kulikuwa na chombo. Wajomvu, ambao ni miongoni mwa Tisa Taifa, na Wachangamwe wa Tatu Taifa waliishi kando ya hori zinazoingia bara, na njia yao kuu ilikuwa maji. Mtoto wa hori huchonga kishua. Kipande cha mti laini, mlingoti wa kijiti, tanga la kitambaa kilichochakaa, kisha hukipeleka ufukweni maji yakijaa. Ufundi huo haujafa katika mwambao wetu. Lamu bado kuna mafundi wanaochonga majahazi madogo yenye kila ubao na kila kamba, na Zanzibar watoto hushindanisha vingalawa vyao hadi leo.

Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba kujenga vyombo vya mfano ni mchezo ulioletwa na Wazungu ndani ya maboksi ya plastiki. Mazoea ya kukitazama chombo kikubwa, kukipima kwa jicho na kukirudia kwa udogo yalikuwepo Pwani kabla ya gurudumu la kwanza.

Gurudumu lilifika kwa reli. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyotawala wakati huo, Imperial British East Africa, ilitandika reli nyembamba ya maili chache upande wa bara kisha ikaiacha. Mjini Mombasa, hadi miaka ya 1920, mabwana wakubwa walisafiri kwa vigari vidogo vilivyokwenda juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na wanaume wawili waliokimbia nyuma. Lilikuwa gari lisilo na injini wala mnyama. Ukiondoa kivuli chake na bwana aliyekaa ndani, linabaki lile lile ambalo mtoto angeweza kulijenga: ubao, magurudumu manne, na mtu wa kusukuma.

Kisha ikaja reli kubwa. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukavuka Makupa na kupita Changamwe, na mwisho wa mwaka 1901 reli ikafika ziwani Kisumu. Pamoja na reli yalikuja mafuta ya taa, na mafuta ya taa yalikuja ndani ya debe. Kila kasha la mbao lilibeba madebe mawili ya galoni nne nne. Mafuta yakiisha, debe halikutupwa. Lilichotewa maji, lilipimiwa nafaka, lilikatwa likawa paa la kibanda au koroboi ya kumulikia. Bati hilo jepesi, linalokatika kwa makasi na kukunjika kwa mkono, ndilo lililokuwa bodi ya kigari cha mkebe katika Afrika Mashariki nzima. Malighafi ilitangulia, gari lenyewe likafuata.

Njia ya vumbi (1926–1952)

Mwaka 1926 Lionel Galton-Fenzi, mtu wa chama cha wenye magari Nairobi, aliendesha Riley kutoka Nairobi hadi Mombasa, safari inayotajwa kuwa ya kwanza kwa motokaa. Nairobi wamemjengea mnara. Lakini njia aliyoifungua haikugeuka barabara kuu upesi, na sababu yake ni ya kifedha. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekopa na kutumia mamilioni kujenga reli, na haikutaka lori linyang'anye reli mzigo wake. Kwa miongo kadhaa sheria na leseni ziliwabana wenye malori, na barabara ya Mombasa ikaachwa iwe ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika.

Hii ndiyo sababu kigari cha mfano cha zama zile kilikuwa kifupi na cha mwendo mdogo: lori la mizigo ya karibu, la kubeba mawe, nazi, simiti na watu. Bedford na mengine ya Kiingereza yenye pua ndefu na bodi ya mbao ndiyo yaliyoonekana. Pua hiyo ilikuwa rahisi kuigiza. Mkebe mmoja mdogo ukawa pua, mkebe mkubwa uliopasuliwa ubavuni ukawa bodi, na vifuniko vya soda vikawa magurudumu.

Nani alikuwa na nafasi ya kuvinunua vigari vya dukani? Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na reli wakiwa mstari wa mbele, waligoma kwa sababu mshahara haukutosha chakula na kodi ya chumba. Mgomo ule uliisimamisha Mombasa nzima na ukamtoa Chege Kibachia akiwa kiongozi wa wafanyakazi. Baba aliyegoma kwa ajili ya unga hakuwa na shilingi ya kununua kigari cha risasi kutoka Uingereza. Mtoto wake akajenga. Umaskini peke yake haujengi kitu. Uliwalazimisha watoto kuwa mafundi, lakini jicho na mkono walikuwa navyo tayari.

1953: taji moja, vigari viwili

Mwaka 1953 Uingereza ilimtawaza Malkia Elizabeth II, na sherehe hiyo moja ikazaa mambo mawili ambayo yanakutana katika historia yetu.

London, kampuni ndogo ya Lesney ilitengeneza kigari cha farasi cha kutawazwa, kidogo cha kutosha kutia mfukoni. Kikauzwa zaidi ya milioni moja. Faida ile ikaifungulia kampuni njia ya kutoa vigari vidogo vya chuma vilivyotiwa ndani ya kiboksi cha ukubwa wa kibiriti, ndiyo Matchbox, mwaka ule ule.

Afrika Mashariki, wenye magari wakaadhimisha sherehe hiyo kwa mashindano ya kukimbia njia za vumbi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Yakaitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 yakawa East African Safari, na mwaka 1973 yakaingia kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia. Kwa miaka mingi yalifanyika Pasaka, na mzunguko mmoja uliteremka Pwani. Gari likiingia Mombasa lilikuwa na tope hadi madirishani, taa kubwa mbele, chuma cha kuzuia wanyama na nambari mlangoni.

Miaka kumi na kitu baadaye taji hilo likarudi kwa njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1960, kampuni ya Corgi ya Swansea, Wales, ilitoa Volkswagen ndogo ya chuma yenye mavazi ya East African Safari, rangi nyekundu inayoelekea chungwa, gurudumu la akiba juu ya paa, na ndani ya boksi kifaru mmoja. Ukilizungusha lile gurudumu la juu, magurudumu ya mbele yanageuka. Volkswagen ilikuwa imeshinda Safari mwaka 1962, kwa hiyo uchaguzi ule haukuwa wa kubahatisha. Barabara zetu zilikuwa zimeshaanza kuuzwa kama mchezo wa watoto wa Ulaya.

Wakati huo huo ulimwenguni vifaa vya kujengea magari ya mfano vilikuwa vimebadilika. Airfix ya Uingereza ilitoa trekta la Ferguson la plastiki mwaka 1949. Revell ya Marekani ilianza na magari ya kizamani mwanzoni mwa miaka ya 1950, AMT ikafuata mwaka 1958 na magari ya mwaka ule ule yaliyoweza kujengwa kwa namna tatu. Wajapani, Tamiya na Hasegawa wakiwemo, wakaja baadaye na kuwapita wote kwa usahihi. Vipande huja vimeshikamana kwenye fremu. Unavikata kwa koleo ndogo, unapiga msasa palipokatwa, unaunga kwa gundi inayoyeyusha plastiki kidogo ili vipande vishikane kama kimoja, unapaka praima, kisha rangi, kisha unalowesha stika majini na kuzitelezesha mahali pake.

Hasegawa walitoa kifaa cha Datsun 1600 SSS iliyoshinda Safari mwaka 1970 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kwa kipimo cha 1 kwa 24. Gari lenyewe lilikuwa na urefu wa mita 4 na kidogo, hivyo mfano wake una urefu wa sentimita 17 hivi. Mwenye kulijenga vizuri halimalizi likiwa safi. Anachukua rangi ya kahawia iliyochanganywa na unga, anarashia matao ya magurudumu na milango ya chini, mpaka liwe na vumbi la Afrika Mashariki. Mtu aliye Osaka au Leeds anaketi mezani kwake akitafuta rangi kamili ya udongo wa Voi. Mimi naliona hilo kama heshima kwa barabara ya vumbi ambayo serikali ya kikoloni haikutaka kuitengeneza.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliibuka mshindi mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973, na tena mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Watu hawa walikuwa majina ya nyumbani, na katika viwanja vya Changamwe vigari vya mkebe vilianza kubeba nambari milangoni. Hapo ndipo mjenzi wa Kimombasa alipoanza kunakili gari fulani lenye dereva fulani na mwaka fulani. Hatua hiyo ni kubwa. Mpaka hapo kichezeo kilikuwa "lori" tu. Sasa kikawa mfano wa gari lililopo, na mwenye kukitazama angeweza kumhukumu mjenzi: nambari hiyo si yake, taa zake zilikuwa nne.

Makasha ya Miritini

Lami ilipokamilika kati ya Mombasa na Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, malori yakaongezeka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na shirika la reli la pamoja likagawanyika, na reli iliyodhoofika ikawaachia malori mzigo zaidi na zaidi. Kontena nalo likafika Kilindini. Kufikia miaka ya 1980 kilichopita Mikindani kilikuwa trela: kichwa kifupi kisicho na pua, na nyuma yake kasha la chuma lenye urefu wa futi 20 au 40.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Kenya iliamua kuunganisha magari yake nchini badala ya kuyaagiza yakiwa kamili. Leyland wakajenga kiwanda Thika, General Motors Nairobi, na hapa kwetu, kando ya barabara hii hii mbele ya Mikindani, Miritini ikapata kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Tangu wakati huo kimeunganisha magari ya kampuni nyingi, Toyota na Mitsubishi zikiwa miongoni mwao.

Gari la kuunganishwa hufika bandarini likiwa vipande ndani ya makasha. Mabati yamekwisha kukunjwa ng'ambo, injini iko peke yake, viti na nyaya kila kimoja na boksi lake. Kiwandani hushikizwa kwenye fremu, huunganishwa kwa kuchomelewa, husafishwa, hupakwa rangi ya msingi, kisha rangi ya juu, na mwisho hutiwa vioo na vifaa. Yeyote aliyewahi kujenga kifaa cha Tamiya mezani anaijua kazi hii hatua kwa hatua. Tofauti ni ukubwa, na kwamba mmoja hutumia gundi, mwingine moto. Kwa hiyo kijana wa Miritini aliyepata kibarua kiwandani kisha akarudi nyumbani kumsaidia mdogo wake kujenga kigari hakuwa akifanya kazi mbili za aina mbili. Najua wapo wasomi wanaodai kwamba kuunganisha si kutengeneza. Waende wakapige msasa kwanza.

Ndoto kubwa zaidi ilikuja mwaka 1986, Rais Moi alipokitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya kutoka mwanzo. Karakana za Shirika la Reli zilishiriki, magari matano ya Nyayo Pioneer yakatengenezwa, na mwaka 1990 yakaonyeshwa hadharani. Yaliweza kukimbia kilomita 120 kwa saa. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na mradi ukafa. Gari hilo la Kenya likabaki kuwa mfano.

Trela la waya

Hapa inafaa tusimame, maana trela la waya la miaka ya 1980 na 1990 ndilo kilele cha ufundi wa watoto wa barabara hii, na limeelezwa mara chache mno.

Kazi ilianza na gurudumu. Mjenzi wa kifaa cha plastiki hupokea kipimo kutoka kiwandani: 1 kwa 24, 1 kwa 25, 1 kwa 43. Mtoto wa Mikindani alipokea kipimo kutoka kwa gurudumu aliloliokota. Kopo la Kiwi la rangi ya viatu lina upana wa sentimita 7 hivi. Tairi la lori kubwa lina kimo cha mita moja na zaidi. Kumbe ukitumia kopo la Kiwi umeshachagua kipimo cha karibu 1 kwa 15, na kontena la futi 40, ambalo ni mita 12, litataka urefu wa karibu sentimita 80. Hakuna aliyepiga hesabu hiyo kwa kalamu. Walipima kwa shubiri, wakasema trela hili fupi, ongeza shubiri moja, na jicho lililoshinda likitazama barabara lilifika pale pale ambapo hesabu ingefika. Waliokata magurudumu kutoka champali kuukuu wakiyazungushia kifuniko cha kopo dogo walipata vigari vidogo zaidi, na magurudumu yao yalikuwa kimya yanapokwenda, jambo lililopendwa kwa mabasi.

Fremu ilikuwa waya mnene, wa seng'enge au wa kufungia makasha. Waya huo ulinyooshwa kwa kugongwa jiwe juu ya jiwe, kisha ukakunjwa kwa koleo, au kwa meno ikiwa koleo haipo. Kila kiungo kilifungwa kwa waya mwembamba au kwa utepe wa mpira wa tyubu ulioviringishwa ukivutwa. Tyubu ilikuwa bora: inashika, inapokea mtikisiko, na haikatiki upesi. Ekseli ya mbele ndiyo iliyomtenganisha fundi na mwanafunzi. Ilibidi izunguke juu ya msumari mmoja katikati, na kutoka hapo waya mrefu upande hadi mkononi mwa mtoto anayekimbia nyuma, na mwisho wake usukani wa mviringo uliofungwa mpira ili usiumize. Kuzungusha kulia kwende kulia! Aliyekosea mkunjo mmoja alipata gari linalogeuka kinyume, na wenzake hawakumsahaulisha.

Kisha kiungo cha kichwa na trela. Trela halisi hupinda pale kichwa kinapobeba tela, na mtoto aliyetazama malori yakirudi nyuma kuingia yadi alijua kwamba hapo pakikazwa mno gari haligeuki, na pakilegea mno tela hulala. Walitumia pete ya waya ndani ya pete nyingine. Wazo lenyewe ni lile la wahandisi, isipokuwa hawakulisoma popote.

Bodi ilivikwa bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, Kimbo aghalabu, likigeuzwa ili upande unaong'aa uwe nje. Kontena lilikuwa pakiti za maziwa zilizounganishwa, au boksi. Kichwa kilipewa vioo vya pembeni kutoka karatasi ya sigara inayong'aa. Vitambaa vya matope nyuma ya magurudumu ya mwisho vilikatwa kutoka tyubu, na juu yake, kwa chokaa, liliandikwa jina la mji: Kampala, Kigali, Bujumbura.

Si kila mtaa ulijenga hivi. Mtoto wa Likoni alikuwa na feri mbele ya macho, na mtoto wa Kisauni aliona zaidi mabasi ya Malindi. Trela refu lenye usukani lilikuwa la Changamwe, Mikindani na Miritini kwa sababu hapo ndipo matrela halisi yalipolala, yalipotobolewa matairi, yalipotengenezwa. Utingo aliyekuwa akisubiri mzigo siku mbili aliweza kukaa kivulini na kuwasahihisha watoto: ekseli za nyuma ni tatu, si mbili.

Rangi ilitoka kwenye matatu

Kwa muda mrefu kigari cha mkebe hakikuwa na rangi ila ile ya mkebe. Rangi ilikuja kwa njia ya matatu.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na idadi yake ikapanda kwa kasi. Sheria ya mwaka 1984 ikayatambua na kuyataka yakaguliwe. Ushindani wa kuvuta abiria ukaleta picha na maandishi ubavuni, na picha zikaleta mafundi wa rangi. Gereji za kando ya barabara zikajaa makopo yaliyobakia ukucha mmoja wa rangi chini. Ukucha huo ulitosha kigari.

Watoto na vijana waliofanya vibarua katika gereji hizo walijifunza utaratibu mzima: kukwangua kutu, kuziba mashimo kwa filla, kupiga msasa mkavu kisha wa maji, praima, rangi iliyochanganywa na thina tabaka jembamba jembamba, na subira katikati. Rangi nzito huchuruzika na kuficha mikunjo ya bati. Pwani kuna adui wa ziada, unyevu. Rangi ikipulizwa asubuhi kukiwa na unyevu mwingi hewani hufanya utando mweupe kama maziwa, na fundi mzoefu husubiri jua lipande. Kanuni hizo hizo zimo katika karatasi za maelekezo za Tamiya, ila hapa zilifundishwa kwa kufokewa.

Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilianza kutumika: mikanda, vidhibiti mwendo, na mstari wa manjano ubavuni. Nyingi ya picha zikafutwa. Vigari navyo vikapata mstari wa manjano, na ukiona cha miaka hiyo unaweza kuutaja umri wake kwa mstari huo tu. Mwishoni mwa mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaiunga mkono hadharani sanaa ya matatu, na picha zikarudi kwa fujo. Jijini Nairobi msanii Dennis Muraguri ameifanya matatu kuwa kazi yake ya maonyesho, kwa michongo na chapa za mbao. Kilichokuwa mchezo wa kiwanjani kikaingia ukutani.

Tangu 2015

Mei 2015, usiku, nyumba na vibanda vya Jomvu kando ya barabara vilibomolewa ili kupisha upanuzi wa njia kuu. Amnesty International iliandika habari hiyo. Watu walipoteza makao na riziki, na hilo ndilo zito kuliko yote. Lakini kila kibanda cha gereji kilichoondoka kiliondoka pia na makopo yake ya rangi, mabaki yake ya waya, na fundi wake aliyekuwa tayari kumwazima mtoto koleo.

Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ilizinduliwa, kituo chake cha Mombasa kikiwa Miritini. Mwaka 2019 agizo la kutaka mizigo ya bandari ipelekwe kwa reli liliwatoa wenye malori na wafanyakazi wao barabarani kuandamana, na agizo hilo likasimamishwa. Mikindani ilikuwa imeuona mwanzo wa ugomvi huo zamani: ni ule ule wa reli na lori wa siku za Galton-Fenzi, isipokuwa safari hii lori ndilo lililokuwa na watu wa kulitetea.

Watoto wanaokimbiza trela la waya wamepungua. Barabara pana haina ukingo wa kuchezea, na vigari vya plastiki kutoka China ni rahisi kuliko mkate wa siku chache. Waliobaki kujenga ni vijana na watu wazima, nao wanajenga kwa uangalifu ambao zamani haukuwezekana. Kadibodi ngumu na vipande vya bomba la plastiki vimechukua nafasi ya mkebe. Taa ni za betri, zinawaka mbele nyeupe na nyuma nyekundu. Picha za gari huchukuliwa kwa simu kutoka pande zote nne, na vipimo hupigwa sasa kwa rula. Safari iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 imewarudishia magari ya mashindano, na kazi zao huonyeshwa kwa video fupi zinazotazamwa mbali kuliko Mazeras.

Mteja wao mkuu, nilivyoona, ni dereva. Anataka lori lake mwenyewe, Actros au Scania, lenye namba yake ya usajili, jina la mwanawe juu ya kioo, na mkwaruzo ule ule wa ubavuni alioupata mpakani Malaba. Mkwaruzo huo hujadiliwa kirefu. Vijana wengine hukataa kuuweka kwa kuwa unaharibu rangi waliyoihangaikia, dereva hushikilia kwamba bila huo lori si lake, na mara nyingi hushinda dereva kwa sababu ndiye mwenye fedha.

Ngome ya Yesu, iliyo makumbusho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, imehifadhi vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele yake mwaka 1697. Ningependa karibu navyo kiwekwe chombo kimoja cha bara: trela la waya lenye magurudumu ya Kiwi, na kibao kinachoeleza limejengwa mwaka gani na mtaa gani, waya umetoka wapi, na limenakili lori gani. Mafundi waliokuwa watoto mwaka 1985 wako hai, wengi wao katika mitaa hii hii, na mikono yao bado inakumbuka mkunjo wa ekseli ya mbele. Wakiulizwa sasa, wanaweza kulijenga tena.